Mama ameanza kunisimulia ajali ya meli kwa sauti za WhatsApp usiku, je niziposti?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Mwanza, nalifupisha maana lilikuwa refu:

"Shikamoo mtaalamu. Mama yangu alikuwa ndani ya MV Bukoba mwaka 1996. Yeye alitoka, mdogo wake hakutoka. Hatujawahi kuisikia habari hii mdomoni kwake, tuliambiwa na shangazi. Sasa tangu mwezi wa tatu ananitumia sauti WhatsApp saa nane usiku, dakika mbili, dakika tatu, anasimulia kipande anakata. Zimefika 14. Nina akaunti TikTok yenye wafuasi elfu 40, nimewaza niziweke kama mfululizo, sehemu ya 1, sehemu ya 2, watu wajue. Kaka yangu anasema namfukua mama. Kusimulia kunaponya au kunatonesha kidonda? Na je niposti?"

Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kilichonikaa kichwani kuliko TikTok ni hiyo saa nane usiku. Mtu mzima anaamka saa nane, anapapasa simu, anabonyeza kile kipaza sauti kidogo anaanza kuongea na mtu anayejua kabisa kwamba amelala, hapo kuna jambo. Angetaka muongee macho kwa macho angekuita jikoni. Amepata namna ya kusema bila kuonwa uso na bila mtu kumwambia "basi mama nyamaza" machozi yakija, maana sisi ndo tulivo, mtu akianza kulia tunamnyamazisha afu tunadhani tumemsaidia. Mi kwenye kazi hii ya ushauri nasaha nina miaka zaidi ya ishirini huku kanda ya ziwa, na nakwambia hizi sauti za WhatsApp zimefungua vinywa ambavyo sisi na viti vyetu viwili na boksi la tishu mezani tulishindwa kuvifungua. Kwahiyo kabla ya yote jua kwamba mama kakuchagua wewe. Wale elfu 40 yeye hajui hata kama wapo.

Niwakumbushe kidogo wasomaji wadogo ambao meli hii wanaisikia tu kila ikifika Mei. MV Bukoba iliondoka Bukoba ikapitia Kemondo, ikapinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa imejaza kupita uwezo wake. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Baada ya kupinduka ilielea tumbo juu kwa muda, watu wakiwa bado hai ndani, waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe, ile hewa iliyokuwa inaishikilia juu ikatoka na meli ikazama. Makaburi mengi yako Igoma. Na kuna hili ambalo linahusu moja kwa moja unachotaka kufanya: abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, ndo maana mpaka leo idadi inabishaniwa. Kuna familia hazina karatasi yoyote inayosema mtu wao alikuwemo. Walichonacho ni maneno ya aliyemsindikiza bandarini, basi.

Sasa nenda kaitafute meli hiyo kwenye intaneti kwa Kiingereza. Utakutana mapema sana na jina la Abu Ubaidah al-Banshiri, kigogo wa al-Qaeda ambaye alikuwa abiria na akafa maji humo. Huyo ana ukurasa wake, ana picha, ana wasifu. Mama yako mdogo hana hata mstari. Kwahiyo hamu yako ya "watu wajue" mi siibezi hata kidogo, ina haki yake, nataka tu tuangalie inapitia njia gani.

Turudi kwenye swali lenyewe, kunaponya au kunatonesha. Vyote, na kwa kawaida kutonesha ndo kunatangulia. Kuna jaribio la zamani la mwaka 1986 kule Marekani, mwanasaikolojia James Pennebaker aliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, wengine waandike jambo lililowaumiza sana maishani na wengine waandike vitu vya kawaida tu. Wale wa jambo zito walitoka mle chumbani wamenuna, wana huzuni kuliko walivoingia. Lakini miezi iliyofuata wakawa wanaenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Kwahiyo kaka yako akimuona mama amevimba macho asubuhi akasema "unaona?", yuko sahihi kwa alichokiona ila hicho peke yake hakitoshi kutoa hukumu.

Ila usinielewe vibaya ukaenda kumkalia mama kitako ukamwambia atoe yote leo. Kuna kipindi dunia nzima iliamini kwamba mtu akitoka kwenye ajali akalishwe palepale asimulie kila kitu kwa mkupuo mmoja ili atue mzigo, baadaye tafiti zikakusanywa zikaonesha haisaidii, na wengine inawaacha pabaya zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema msifanye hivo. Hawa wahamasishaji wa mitandaoni wanaosema "fungua moyo wako, ongea, utapona" nusu ya kazi yangu ni kufagia nyuma yao.

Tofauti iko wapi? Iko kwenye namna kumbukumbu ya kiwewe ilivyokaa mwilini. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe. Ukikumbuka harusi ya kaka yako unajua ilikuwa mwaka gani, ilianzaje, ikaishaje, ulikula nini. Kumbukumbu ya jambo la kutisha mara nyingi haina mwanzo wala mwisho, ni vipande vipande, harufu ya dizeli, ubaridi wa maji kifuani, sauti fulani, na kikija kipande kimoja mwili haujui kwamba ni mwaka 1996, unadhani ni sasa hivi, moyo unaenda mbio pale kitandani saa nane usiku. Majirani zetu wa Rwanda wana neno lao, ihahamuka, ambalo ndani yake mna habari ya kukosa pumzi, na mi naona limelenga kuliko haya yetu ya kitabuni. Kusimulia kunasaidia pale kunapovichukua vile vipande na kuvirudisha kwenye foleni yake, hiki kilitangulia, hiki kikafuata, hapa nikafika nchi kavu, hapa nikaolewa, hapa ukazaliwa wewe. Bila hiyo foleni mtu anakuwa anazama upya kila akisema.

Kuna tiba imejengwa juu ya hilo. Ilitengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Konstanz Ujerumani, Schauer, Neuner na Elbert, na moja ya sehemu walizoijaribia wala haiko mbali na Kagera, ni Nakivale, ile kambi ya wakimbizi Uganda ukishavuka mpaka. Walichukua wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, na waliotoa tiba hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Vikao sita tu. Matokeo yalitoka 2008, karibu 7 kati ya 10 waliopitia ile tiba hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe kwa vipimo vyao. Niwe mkweli, waliopewa ushauri wa kawaida nao walifika karibu hapohapo, walioachwa nyuma ni wale ambao walikuwa wanafuatiliwa tu bila kukaa na mtu. Mi hilo ndo naliona kubwa kuliko jina la tiba. Kuwa na mtu wa kukaa naye.

Inavofanyika ni hivi. Unatandaza kamba sakafuni, mi natumia katani ya kawaida ya dukani, mwanzo wa kamba ni kuzaliwa kwako, na mwisho unauacha umekunjwa maana maisha bado yapo. Mtu anapewa maua na mawe. Kila jambo jema anaweka ua, kila jambo lililomuumiza anaweka jiwe, anachagua mwenyewe ukubwa. Afu vikao vinavyofuata mnapita kamba yote kwa mpangilio, kwenye jiwe mnasimama, mnasimulia polepole.

Alikuja kwangu baba mmoja wa visiwani (nimebadilisha mambo madogo asijulikane) ambaye alipoteza kaka yake kwenye MV Nyerere. Hii ni ile ya 20 Septemba 2018, kivuko kilipinduka kikikaribia kutia nanga Ukara, wakafa zaidi ya 220. Nikamtandazia kamba. Mawe nilikuwa nimeyapanga pembeni, kuna moja kubwa kama ngumi mbili, nikajua hilo ni la siku ya kivuko. Akachukua la wastani akaweka pale. Akasogea kidogo mbele, sentimita kama tano, akalibeba lile kubwa kwa mikono miwili akalitua. Nikamuuliza hili ni la nini. Akasema "hili ni la jioni yake, picha ilipoingia". Kumbe alikuwa bado anamtafuta kaka yake, anapiga simu huku na huku, simu ikalia mlio, grupu la mashabiki wa mpira, mtu kashea picha ya maiti zilizolazwa ufukweni, na katikati pale akaliona shati la kaka yake. Chini yake watu wameshaweka emoji za kulia na mmoja anauliza mechi ya Jumamosi saa ngapi.

Nilikaa na hilo jiwe muda mrefu hata baada ya yeye kuondoka. Ziwa ni lilelile, kuna miaka 22 katikati. Mwaka 1996 watu wengi walisikia kwa redio kwamba meli imepinduka, lakini habari ya mtu wako hasa uliletewa na binadamu. Tanzia ina utaratibu wake, anatafutwa mtu mzima, anakuja, anaomba maji, anakuambia keti kwanza. Huo utaratibu wote ulikuwa kiegemeo, mwili unaandaliwa kabla masikio hayajapigwa. 2018 kiegemeo kile kimeondoka, tanzia inaingia mfukoni ikiwa imepangwa kati ya meme na tangazo la bando.

Na hapa ndo nafika kwenye huo mfululizo wako. Katika ile tiba kuna sharti moja ambalo tukifundisha vijana tunalirudia mpaka wanachoka: usikatishe kikao mtu akiwa kwenye jiwe. Hata muda ukiisha, hata mteja mwingine anagonga mlango, unaendelea naye mpaka atoke majini, avae nguo kavu, moyo ushuke, ndo mnaagana. Ukimuachia katikati umemuacha anazama na kwenda nyumbani hivohivo. Sasa fikiria TikTok inataka nini. Inataka ukate palepale pa kutisha, "usikose sehemu ya 2", maana hapo ndo watu wanabaki, na watu wakibaki algoridhimu inakusukuma. Yani kanuni ya jukwaa lile ni kinyume kabisa cha kanuni ya tiba. Mama yako tayari anajikata mwenyewe, wewe umesema, "anasimulia kipande anakata". Ukimuweka kwenye mfululizo utakuwa umechukua tatizo lake ukaligeuza mtindo.

Kitu kingine ni wasikilizaji. Bibi zetu hawakuanza hadithi mpaka kwanza waite, paukwa, na mpaka watu waitike pakawa. Siku hizi tunachukulia kama mbwembwe za watoto lakini mle mna makubaliano, wewe msikilizaji umesema upo na umekubali kubeba. Mtu akiposti hakuna pakawa. Kuna namba inapanda, kuna komenti. Na komenti unazijua, kati ya pole mia atatokea mmoja atakayeandika "mbona wewe ulitoka ukamwacha mdogo wako?" Hilo swali, mwanangu, nakuhakikishia mama yako amejiuliza kila usiku tangu 1996, ndo linalomuamsha saa nane kama sijakosea. Hahitaji kulisoma kutoka kwa kijana mwenye picha ya gari kwenye profaili. Na ukishaposti ukafuta, skrinishoti na klipu ziko kwa watu, hakuna kurudisha. Kisheria pia, tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ila hata isingekuwepo, sauti ni ya mama, hilo halihitaji bunge.

Sisemi mtandao hauwezi kubeba msiba. Unaweza, na umeshafanya vizuri kuliko magazeti. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa, wakafa 148, Wakenya walianzisha hashtegi ya kusema kwamba 147, idadi iliyokuwa imetajwa wakati ule, sio namba tu, wakawa wanaposti majina na picha za wale wanafunzi wakiwa hai, mmoja kavaa suti ya mahafali, mwingine yuko na rafiki zake anacheka. Ile iligeuza habari yote. Angalia walichochagua kuonesha.

Kwahiyo mi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kwanza zile sauti 14 zihamishe zikae mahali salama, kwenye flashi na sehemu nyingine moja, simu zinaibiwa na WhatsApp inajaa. Acha kuzisikiliza usiku. Zikiingia saa nane ziache, sikiliza mchana ukiwa na chai na mwanga, na ukimaliza toka nje tembea kidogo, maana anayesikia naye anapata yake. Hapo Nairobi kuna kesi tangu 2022 ya vijana waliokuwa wameajiriwa kuchuja vidio za kutisha za Facebook, wengi wakaja kukutwa na ugonjwa huuhuu wa kiwewe, na wao hawakuwepo kwenye tukio lolote, walitazama tu.

Pili, jibu sauti zake. Hili sijui kama unalifanya, hujasema. Kama unaweka tu kopa nyekundu afu kimya, basi mama anaita paukwa hewani. Mjibu kwa sauti yako na wewe, fupi, na swali lako limvushe mbele. Akikata akiwa majini usimuulize "ikawaje kwa mama mdogo?" Muulize "ulifikaje nchi kavu mama? nani alikupa kanga? ulilala wapi siku ile?" Unamshika mkono unamtoa. Nimeona watu ambao miaka yote wanakumbuka maji tu, wakiulizwa hivo ndo wanamkumbuka mvuvi aliyewapa uji wa moto kwenye kikombe cha bati, na wanakilia kile kikombe kuliko walivyolilia meli. Afu siku nyingine muulize ya kabla. Walivyokuwa wanagombania kitanda na mdogo wake, nani alikuwa anaimba, kwanini walisafiri wote wawili. Ndio maua ya kamba hayo, bila maua mtu anabaki na mawe tupu.

Tatu, baada ya muda, tena muda mrefu, ikiwa yeye mwenyewe atapenda, unaweza kumuuliza kama kuna kitu angetaka watu wasikie. Akisema hakuna, basi hakuna, hapo usitie "lakini mama". Akisema kipo, mpe asikilize klipu nzima kabla haijatoka, iwe moja yenye mwanzo na mwisho, na komenti uzifunge kabisa, hicho kitufe kipo. Mi ningependa iwe habari ya mama mdogo alivyoishi, nusu dakika inatosha, kuliko alivyokufa. Utapata laiki chache, sikufichi.

Kaka yako mwambie ana haki ya kuogopa. Yeye anaona mama amekaa kimya miaka yote na nyumba ilisimama, kwanini leo tutikise. Ila aliyeanza kufukua ni mama mwenyewe, na jembe ni simu. Mkae naye mgawane, asije akawa anamnyamazisha mama huku wewe unamfungua.

Ukiona mama hali tena, au anashtuka kwa kila mlango, au anasema maneno ya kutaka kumfuata mdogo wake, hapo haya yangu weka pembeni umpeleke hospitali siku hiyohiyo, Bugando wana kitengo cha afya ya akili, na usimdanganye kwamba mnaenda kupima presha.

Na tarehe 21 Mei ile picha ya meli iliyopinduka huwa inazunguka tena kwenye magrupu, kila mwaka, na mtu anaishea kwa nia njema kabisa. Wewe uwahi. Kama hamuishi pamoja mpigie asubuhi mapema kabla hajawasha data, muongee hata ya mahindi.

Jambo la mwisho nililoliona wakati nasoma swali lako mara ya tatu. Umeandika idadi ya sauti, saa, dakika, wafuasi, mwaka, jina la meli. Mama mdogo umemwita "mdogo wake" mwanzo mpaka mwisho. Usiniandikie mimi. Muulize mama nyumbani walikuwa wanamwitaje, lile la utani la utotoni, usitake la kwenye cheti. Akikujibu usimkatize.